Panya Niliyemnenepesha kwa Rangi

Nyie mnaoshika brashi siku hizi hupita kwangu kuniuliza nilifanyaje mpaka watu wa huku kwetu Ruhuwiko wakaacha kuchoma kilima. Mnadhani nina siri. Ninayo, lakini kwanza mjue kwamba mchoro wangu wa kwanza wa kutetea mazingira ulikuwa wa panya, na watu walipomwona walitaka kumla.

Anayesoma hapa huku anachezea simu aiweke chini. Sitarudia.

Nimechora vibao vya mji huu tangu nikiwa na meno yote. Saluni, mabucha, gereji, duka la mbolea, kilabu cha pombe. Kama umewahi kunyolewa Mfaranyaki chini ya picha ya mwanaume mwenye shingo ndefu kama ya bata, shingo hiyo ni yangu. Sikukusudia iwe ndefu. Nilianza kichwa juu mno, halafu ikabidi nikitafutie njia ya kufika mabegani. Mwenye kibanda alipenda. Alisema shingo ndefu inaonyesha vizuri kazi ya wembe. Nikapokea sifa nikanyamaza, na nyie mkisifiwa kwa kosa nyamazeni vilevile.

Shule niliishia darasa la nne. Herufi nilizizoelea ukutani, kwa fundi wangu Kolumbani, Mungu amrehemu, mzee mkali aliyekuwa hacheki hata na picha zake mwenyewe. Nilipokwenda kuomba kazi alinipa brashi ya waya, siyo ya rangi, akaniambia nisugue ukuta wa duka mpaka uwe safi kama sahani. Nikasugua. Akaniambia nisugue mwingine. Nilisugua kuta za Songea mpaka nikadhani ufundi wenyewe ndio huo. Leo nawaona mnapaka rangi juu ya vumbi, na mwezi unaofuata rangi inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua, halafu mnalaumu kiwanda. Sugueni kwanza. Mtalia, lakini sugueni.

Mambo mengine aliyonifundisha ni haya. Rangi nyekundu inachujuka upesi kuliko zote, kwa hiyo ukiandika neno la maana usiliandike kwa nyekundu upande wa jua, ukimaliza kiangazi utabaki na ukuta mtupu. Maneno anza katikati, nenda pembeni. Mimi nilianza kushoto siku moja, nikafika mwisho wa ukuta jina la bucha halijaisha, ikabidi herufi za mwisho nizishushe chini kama watu wanaoshuka ngazi. Na jicho lichore mwisho. Ukilichora mwanzo litakaa linakutazama unavyokosea.

La jicho alilisema pia hivi: ukitaka picha ielekee kilimani, weka mboni upande wa kilimani, lakini ukiweka mboni katikati kabisa, picha itamfuata kila mtu apitaye, aende kulia aende kushoto. Alinikataza nisifanye hivyo kwenye vibao vya maduka. Alisema wateja wataogopa kuiba, lakini pia wataogopa kuingia.

Sasa hayo macho yangu makubwa mnayoyaiga. Nilianza kuyachora kwa sababu sikujua kuchora pua. Huo ndio ukweli, msiutafutie nguo nzuri. Niliona begi la shule la mjukuu wangu, lina paka mwenye macho kama visahani na pua kama punje ya mtama, nikasema kumbe inaruhusiwa. Nikaanza kutazama makaratasi ya pipi, pakiti za biskuti, mablanketi ya sokoni yenye vitoto vya simba vilivyovimba mashavu. Nikawa naweka macho hayo kila mahali. Nilimchora ng'ombe wa bucha akiwa na kope ndefu na mashavu ya waridi, mwenye bucha akaniambia, "Mama, huyu akinitazama hivi, mimi nitamchinjaje?" Ikabidi nimfunike kwa rangi nyeupe, na kwato zake bado zinaonekana kwa chini mvua ikinyesha.

Kijana mmoja wa shughuli za mazingira alipita akaona kazi zangu, akazipiga picha, akaniambia, Bibi, hii ni sanaa ya pop. Nikamuuliza ni kitu gani. Akanieleza kwa heshima kabisa kwamba kuna wachoraji huko duniani wanaochukua picha za kwenye mapakiti na matangazo, wanazikuza, wanazibandika mbele ya watu ili watu waone upya kitu wanachokipita kila siku. Nikamwambia basi nashukuru, kumbe ulemavu wangu una jina. Alicheka mpaka akakaa chini. Ni kijana mzuri. Ndiye aliyeniletea baadaye makopo ya rangi safi, na ndiye aliyenitia kichwani wazo kwamba mtu hawezi kudhuru kitu anachokionea huruma. Wazo lenyewe halina kosa. Kosa lilikuwa langu, nilipochagua wa kumwonea huruma.

Niwaeleze kilima. Juu ya mtaa wetu kuna kilima cha miyombo na nyasi, na chini yake kuna chemchemi. Mabomba yetu mnayajua, leo yanatoa maji kesho yanakohoa. Chemchemi ndiyo tunayoitegemea. Lakini kila kiangazi wawindaji wa panya walikuwa wanachoma kilima. Nyie wa mjini mnaokunja uso, simsemi yule wa darini anayekula sabuni. Nasema panya wa porini, anayekula mbegu na mizizi, anabanikwa kwenye kijiti, ukipewa na ugali hutauliza mboga nyingine. Watu wanachoma nyasi, panya anakimbilia shimoni, wanafuata shimo kwa jembe, mbwa amekaa mlangoni. Kazi inakuwa rahisi. Halafu mvua ikija inakuta mlima hauna nguo, udongo wote unashuka kwenye chemchemi. Kiangazi kilichotangulia maji yalikuwa yanatoka kama uzi. Bwana wa maji alikuja akatazama, akatuambia kikiungua tena tusiihesabu chemchemi hiyo. Tujiandae kuteremka mtoni, bondeni kule. Mimi magoti yangu hata kanisani hupiga nusu. Bondeni ningeteremka mara moja, nisipande tena.

Mwenyekiti wa kamati ya chemchemi alikuwa Kandida. Na kiongozi wa wawindaji alikuwa Otmari, mume wa Kandida. Hapo ndipo palipokuwa pachungu. Kila akisimama kwenye mkutano kukataza moto, watu wanamtazama, wanakohoa.

Otmari ni mdogo wa marehemu mume wangu. Kwa hiyo ni shemeji yangu, ananiita mke wangu mbele za watu, nami namwita majina ambayo siyaandiki hapa kwa sababu wanasoma na watoto. Kandida alikuja kwangu akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, ndipo nikajua ana jambo.

"Dada, naomba unichoree kitu pale kwenye tangi la maji, njia ya kwenda kilimani."

"Kitu gani?"

"Chochote kitakachomwingia Otmari. Mimi nimesema nyumbani mpaka nimegeuka redio."

Nikachora panya. Nilifikiri vizuri, msidhani nilikurupuka. Nani anayeungua? Panya. Basi watu wamwonee huruma panya. Nikamchora mkubwa kama gunia la mahindi, amesimama kwa miguu miwili, kope kama za bibi harusi, mashavu ya waridi, ameshika jani moja kifuani. Chini nikaandika NIONEENI HURUMA, MSICHOME PORI. Tumbo lake nililifanyia kazi kwa mapenzi makubwa. Nikaliwekea kahawia ya kuiva, nikalipitishia mng'ao wa nyeupe kidogo hapa juu, kama mafuta yanavyometa. Nilikuwa naimba wimbo wa kanisa. Sikujiuliza mng'ao ule niliuona wapi. Niliuona kwenye sahani, wajukuu zangu. Nilimchora panya ninayemjua mimi, aliyekwisha kubanikwa.

Mtu wa kwanza kupita alikuwa kijana wa bodaboda. Akasimamisha pikipiki, akanisalimia shikamoo, nikaitikia marahaba, akatazama panya, akatazama mlango wa tangi, akaniuliza kwa adabu kama wanauzwa humu ndani au ni kwa oda.

Otmari alikuja jioni. Alisimama mbele ya ukuta muda mrefu, mikono nyuma, kama mtu anayesali njia ya msalaba. Nikasema moyoni, ameingiwa. Akameza mate. Niliona koo lake likipanda na kushuka.

"Mke wangu," akasema, "umenikumbusha jiko la marehemu mama."

Tangu siku hiyo wawindaji wakawa wanapeana miadi pale. Tukutane kwa panya, wanasema. Zamani kila mmoja alikuwa anapanda kilima kwa njia yake. Mimi nikawapa kituo, tena chenye picha. Kandida alipita akaona mbwa wamelala kwa raha chini ya mchoro wa mazingira, akageuza njia.

Nikasema, nitarekebisha. Nikamkondesha. Nikampaka mbavu, nikamtoa mashavu, nikamwekea machozi makubwa na moto nyuma yake. Nilipomaliza alikuwa anatisha, ameinama, ulimi nje. Nikaridhika. Kumbe sasa amefanana na picha za kwenye pakiti za sumu. Mama mmoja akatoka Bombambili kwa miguu kunigongea mlango, anataka dawa ile ile iliyomtesa yule panya wa kwenye tangi, maana kwake mahindi yanaliwa. Nikamwelekeza dukani. Ningefanya nini? Alikuwa ametembea mbali.

Nilimsimulia Kandida nikitegemea atacheka. Hakucheka. Alikuwa anatazama kilima.

"Dada, nyasi zimeshaanza kukauka," akasema. "Mwaka huu nikishindwa, naacha uenyekiti. Na sijui nitakaaje nyumba moja na mtu aliyenikaushia maji."

Hapo ndipo niliposhtuka. Mimi nilikuwa nachezea panya, mwenzangu ndoa yake imekaa juu ya kilima kile.

Nilikwenda kuosha brashi zangu nikiwa na mawazo. Nilikuwa nimekaa karibu kabisa na chemchemi, namimina mafuta ya taa kwenye kopo, nasuuza, namwaga. Nasuuza, namwaga. Sauti ya Kandida ikanijia kwa nyuma. Sitawaandikia aliyoniambia. Alitaja umri wangu, alitaja hekima yangu na ilikokwenda, akaniuliza kama nimeletwa pale kutetea maji au kuyakaanga. Wanawake waliokuwa wanasubiri maji walijifanya hawasikii, wakasogea ili wasikie vizuri. Ilikuwa haki yangu kabisa. Na hili mlishike: brashi futeni kwa kitambaa, mafuta machafu yawekeni kwenye kopo lenye kifuniko, yakitulia uchafu unakaa chini, ya juu mnatumia tena. Nililijua tangu kwa Kolumbani. Nilikuwa mvivu wa kurudi nyumbani.

Mtu akisemwa hivyo huwa anatazama chini. Nikatazama chini, nikaziona ndoo.

Mnajua tulivyo pale. Maji yakiwa kidogo, mtu hasimami foleni, inasimama ndoo yake. Unaiweka nyuma ya ya mwenzako, unakwenda kupalilia, unakwenda sokoni, ndoo inakushikia nafasi. Hakuna anayeiruka, maana kila ndoo inajulikana. Na inajulikana kwa alama, na alama zile nilizipaka mimi, miaka yote, nyumba kwa nyumba, kwa rangi inayobaki kwenye kazi za watu. Huyu mistari miwili ya kijani. Huyu nyota. Huyu msalaba. Ya Kandida ni ya njano, ina ua ambalo nilimpakia alipoolewa, na tangu siku hiyo kila mtu anaita yai la kukaanga. Zilikuwa zimepanga mstari mrefu unapinda, tupu, zinasubiri uzi wa maji. Kandida anaendelea kunisema, mimi naona zile ndoo zinanitazama.

Nikamwambia, subiri kwanza mdogo wangu, utanisema kesho.

Nikamfuta panya. Nikasugua tangi zima kwa brashi ya waya, uzee huu, mpaka likawa safi kama sahani. Nikachora foleni ya ndoo kuzunguka tangi, kila ndoo na alama yake ya kweli, na kila ndoo nikaipa uso. Mashavu ya waridi, vidomo vidogo vimenuna, na macho yale yale yangu ya begi la shule. Sikuandika neno hata moja. Wanawake wakaanza kuja kutafuta za kwao. Hii yangu, mbona imenuna hivyo? Si umeiacha tangu alfajiri. Mwingine akalalamika kwamba ya jirani yake nimeipa kope ndefu zaidi. Wakaja mpaka waume, kila mmoja anatazama ya nyumbani kwake, anacheka za wenzake.

Ya Kandida niliiweka ya mwisho, pale pale njia inapoanza kupanda, mahali mbwa walipokuwa wanalala. Na hiyo peke yake nikaiwekea mboni katikati kabisa.

Nilikuwa naimalizia jicho la pili siku Otmari alipokuja na wenzake, majembe begani, mbwa mbele. Kiangazi kilikuwa kimekomaa, nyasi zimekuwa rangi ya mkate. Nikaona kiberiti mfukoni mwa shati lake. Nilishika brashi yangu, sikusogea.

Akasimama. Akasogea kushoto, akasimama tena. Akarudi kulia. Wenzake wakaona. Mmoja akamwambia, "Mzee, mama yuko nyumbani na yuko hapa." Wengine wakacheka kwa ndani.

"Shemeji," akasema. Hakuniita mke wangu. "Hiyo ndoo ifumbe macho."

"Haiwezi kulala na njaa."

"Mimi nakwenda kutafuta kitoweo. Kila mwaka nakwenda."

"Nenda. Mimi sijakushika mguu."

"Inanitazama, shemeji."

"Ikijaa maji mpaka mvua za masika, nitaifumba mwenyewe. Lete maji, siyo maneno."

Nilidhani atanitukana kwa utani tuishie hapo. Akapandisha jembe begani, akapita. Wakapanda wote.

Kandida alikuja na ndoo yake ya kweli, hakuipanga foleni. Aliishika mkononi tu. Tulikaa tunatazama kilima kama watu wanaosubiri moshi wa chakula, isipokuwa sisi tulikuwa tunaomba usionekane. Upande wa pili, ng'ambo, moshi ulipanda. Kandida akainuka, nikamvuta kanga akakaa. Haukuwa upande wao. Wale wa ng'ambo walikuwa hawana ndoo kwangu.

Jioni wakashuka. Walikuwa na udongo mpaka magotini, wamechoka, wamenuna kuliko mchoro wangu. Panya wao wachache, mtu angeona aibu kuwahesabu. Walikuwa wamechimba kwa jembe bila moto, shimo kwa shimo, tangu walipoondoka. Otmari alipita mbele yetu, akatupa kiberiti mapajani mwa mkewe.

"Kawashie jiko," akamwambia. Akaenda.

Kandida alikifunga kiberiti kwenye pindo la kanga. Alikwenda kupanga ndoo yake nyuma ya wenzake.

Sitawadanganya kwamba kila mtu aliokoka. Ng'ambo waliendelea kuchoma, nikaenda kuchora na kule, na wa kule walininunia mimi kabla ya kuzinunia ndoo. Lakini kilima chetu kile mwaka ule hakikuungua, wala uliofuata. Mvua ilipokuja maji yalishuka safi, na uzi ukawa kamba.

Masika yalipokuwa yamekolea Otmari akaja nyumbani kwangu na sahani imefunikwa. Panya mmoja, amebanikwa, anang'aa tumbo. Akaniambia huyo kamtoa kwa jembe, hajaonja moshi ila wa jikoni. Nikamla. Nyie mnaotaka kusikia kwamba mtetezi wa panya aliacha kula panya mtafuteni mtetezi mwingine. Nilipomaliza akasema, "Mke wangu, ulitoa ahadi."

Basi nikachukua rangi ya njano na brashi nyembamba, tukaenda mpaka kwenye tangi. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza huu mtetemeko mnaouona, na ndiyo kazi ya mwisho niliyoifanya kwa umma. Jicho la kwanza nililifumba vizuri, kope imelala kabisa, mtu angeweza kusikia inakoroma. Jicho la pili mkono uliruka. Nikarekebisha, ukaruka tena. Niliporudi nyuma kutazama, ndoo ya Kandida ilikuwa imefumba jicho moja, na lile jingine limebaki wazi nusu, mboni katikati, inamkonyeza kila mwanaume anayepanda kilima.

Kandida alikuja akatazama. Akaweka mikono kiunoni.

"Dada, hii ndoo inawaita waume za watu."

Nikamwambia aiache, rangi imekwisha. Haikuwa imekwisha. Otmari alikuwa ameshasogea kushoto, anarudi kulia, anaangalia kama bado inamfuata. Bado ilikuwa inamfuata.